MREJESHO: Kani zikilingana, mbona mashua haisimami?

Wakuu, nimerudi. Niliuliza humu nimweleze vipi mpwa wangu wa sekondari kuwa mashua ya injini itokayo Lamu kwenda Shela, ikishika mwendo mmoja bila kukata kona, jumla ya kani zinazoisukuma na kuizuia ni sifuri. Yeye akishikilia: zikilingana, chombo kisimame.

Aliyesema nianze na mizani ya springi, Mungu akuzidishie. Tulivuta kibao juu ya meza. Kuking'oa, mshale wa mizani uliruka. Kilipoanza kuteleza ukashuka. Tukakivuta polepole, kisha haraka kidogo, kila mara kwa mwendo usiobadilika, na mshale ukasoma karibu palepale: mvuto wa mkono umelingana na msuguano wa meza, na kibao bado kinaenda. Kijana akanyamaza! Ila mkono hutetemeka na mshale hucheza, kwa hiyo chukueni wastani.

Ushauri wa kupima kasi kwa GPS ya simu ulifaulu nusu. Nahodha akiongeza mafuta, kasi hupanda kisha hutulia kwenye namba kubwa zaidi, maana ukinzani wa maji nao hukua mpaka ukalingana na msukumo wa injini. Hilo tuliliona vizuri asubuhi, maji yakiwa shwari. Jioni upepo ulichafua bahari, namba zikawa hazisomeki.

Kuchora mishale ya kani (urefu wa mshale ni ukubwa wa kani) ndiko bado. Mshale wa mbele anaurefusha kuliko wa nyuma, eti "si inaenda mbele, mjomba?" Namrudisha kwenye kibao.

Asanteni sana nyote.