Mlango wa Carina umefifia baada ya kufutwa mkwaruzo

Mama Neema, Himbi
Wandugu, naomba mawazo. Chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, ikiwa imejaa viazi, ilinipitia karibu mno pale Birere hapa Goma, ikaniachia mstari kwenye mlango wa nyuma. Gari ni Carina Ti, buluu iliyoiva, ile ya kumetameta. Mstari wenyewe haukuwa mbaya. Kijana anayeniogeshea gari akajitolea kuufuta: msasa, halafu dawa ya meno. Mstari umetoka kweli, lakini pamebaki doa la ukubwa wa sahani, limepauka. Juani ndiyo balaa. Shemeji anasema mlango mzima upakwe upya. Ni lazima?

Dereva wa Ndosho
Paka mafuta ya tairi mama, linang'aa papo hapo.

Papa Bahati, fundi rangi, Katindo
Mama Neema, achana na mafuta ya tairi. Yana silikoni. Mvua ya kwanza inayaondoa juu juu, na siku ukija kupaka rangi kweli, verni, lile tabaka angavu linalofunika rangi, inakataa kushika, inaacha vijishimo vya mviringo kila mahali. Nikiletewa gari la hivyo naongeza bei, wala sioni haya.

Kabla ya kutoa pesa, mwaga maji kwenye doa. Likilowa, buluu inarudi? Kama inarudi, verni bado ipo, imekwaruzwa tu. Maji yanajaza ile mikwaruzo midogo. Likibaki limepauka hata likiwa limelowa, hapo verni imeisha. Verni ya kiwandani ni nyembamba, mara nyingi mikroni 40 hadi 50, yaani kama nusu ya unene wa karatasi ya ofisi. Na huyo kijana alitumia msasa namba ngapi?

Mama Neema
Nimemwaga. Inarudi yote, isipokuwa kipande chembamba kwenye ule mkunjo wa bati. Msasa nyuma umeandikwa 800.

Papa Bahati
Eeh! 800 ni wa kuandaa bati kabla ya kupuliza rangi. Kwenye mkunjo ndipo rangi huwa nyembamba kuliko pote, na mkono ukisugua unalemea hapohapo.

Sehemu ya katikati inapona. Kwanza ioshwe kwa maji mengi, isifutwe kavu hata mara moja. Vumbi letu hapa ni jiwe la volkano ya Nyiragongo lililosagwa, ukilisugua kwa kitambaa umejiongezea mikwaruzo. Halafu msasa wa maji 1500, 2000, 3000, kila mmoja ufute alama za uliotangulia, maji yasikauke. Baada ya hapo pasta ya kukata kwa sponji, mwisho polishi laini. Kivulini, bati likiwa baridi. Kama fundi ana mashine, aiendeshe polepole na asikae mahali pamoja, verni inaungua. Mkunjo aufunike kwa utepe wa karatasi asiuguse tena. Kitambaa kikianza kushika buluu, asimame palepale.

Kile kipande cha mkunjo hakirudi kwa kusugua. Hapo shemeji ana haki: verni ipuliziwe mlango mzima mpaka kwenye kingo zake. Akikuambia "nitagusa hapo tu", kataa. Verni ikikatiwa katikati ya bati, mpaka wake unaonekana na baadaye unabambuka.

Probox nyeupe
Mimi nikiipiga polishi gari yangu kitambaa kinakuwa cheupe kila mara. Nimekwisha?

Papa Bahati
Hapana. Gari nyeupe nyingi za kazi hazina verni, ni rangi yenyewe inayotoka kidogo. Ila usifanye kila wiki.

Yaya Furaha, Majengo
Mama Neema, uliza pia wanapulizia wapi. Kama ni uani kando ya barabara, wamwage maji chini kwanza, la sivyo utapata mlango wenye chenga.

Mama Neema
Asanteni. Naweza kungoja mpaka mwisho wa mwezi?

Papa Bahati
Unaweza. Paka nta kwenye mkunjo, jua lisiile rangi. Kijana mwachie ndoo na sponji, msasa uuchukue.