Nilimkabidhi magunia mwenyewe, naye ameyauza: je, huu ni wizi?

Mkulima wa Kongwa: Ndugu wanajukwaa, naomba ushauri. Baada ya mavuno nilihifadhi magunia ya alizeti katika ghala la mtu binafsi hapa Kibaigwa, tukaandikiana kwamba atayatunza mpaka bei ipande na hatayauza bila idhini yangu. Nilipoyafuata nilikuta ameshayauza, na sasa anasema atanilipa akipata fedha. Kituoni nimeelezwa kwamba, kwa kuwa nilimpa kwa hiari yangu, hilo ni deni. Je, aliyekabidhiwa mali hawezi kuiba mali hiyo?

Mwanasheria Makole: Pole sana, ndugu yangu. Anaweza kabisa, na inaniuma kila ninaposikia mkulima akirudishwa nyumbani kwa maelezo hayo. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16 (marejeo ya 2022), kifungu cha 258, inataja njia mbili za kuiba: kuchukua kitu kwa udanganyifu bila dai la haki, au kukigeuza kwa udanganyifu kiwe kwa matumizi ya mtu asiye mwenye mali. Njia hii ya pili humnasa hata yule ambaye mali ilimfikia kihalali. Isitoshe, kifungu cha 273 kinamhusu hasa aliyekabidhiwa mali aitunze, na adhabu yake yaweza kufika kifungo cha miaka 10, ilhali wizi wa kawaida, chini ya kifungu cha 265, ni hadi miaka 7. Ahadi ya kulipa baadaye haifuti kosa lililokwisha kutendeka.

Mama Ntyuka: Naongeza tahadhari. Kama ungekuwa umemuuzia kwa mkopo, alizeti ingekuwa yake na wewe ungebaki na deni tu. Vilevile, akieleza kwamba aliamini kwa nia njema kuwa ana haki ya kuuza ili kufidia ada ya ghala, kifungu cha 9 kinaweza kumkinga, hata kama haki hiyo haipo. Je, ada ulilipa? Mnunuzi naye hana kosa la kupokea mali ya wizi isipokuwa alijua, au alikuwa na sababu ya kuamini, kwamba imeibwa.

Mkulima wa Kongwa: Nililipa yote, mama, na stakabadhi ninayo.

Mwanasheria Makole: Basi peleka stakabadhi na makubaliano hayo kwa Mkuu wa Polisi wa Wilaya, uombe jalada lifunguliwe. Shauri la madai unaweza kulifungua pia. Usithubutu kubeba mali zake ili kujifidia.