Bandari ya Tanga imepanuliwa, mbona vibarua vimepungua?

Binti Ngamiani
Shikamooni wakubwa. Mdogo wangu anashinda getini bandarini akitafuta kibarua cha kupakua. Kabla ya upanuzi alikuwa hakosi cha kuleta nyumbani. Sasa meli naziona zinafunga gatini kabisa, ila yeye saa nne asubuhi ameshageuza, hajaitwa. Tunamtegemea yeye na genge la mama. Aendelee kusubiri au atafute kingine?

Serahangi Mstaafu
Marahaba mwanangu. Matishari, yale majahazi bapa ya kubebea mzigo yanayovutwa, ndiyo yamesomesha wanangu, kwa hiyo nitakueleza bila kuficha. Zamani gatini maji yalikuwa na kina cha mita 3 tu. Meli kubwa ilitia nanga nje, kama kilomita 1.7 huko. Winchi ya meli inashusha mzigo kwenye tishari, tishari linavutwa hadi gatini, halafu tunaupakua upya. Gunia lile lile linahamishwa mara mbili, na kila mahali pana genge lake: wa melini, wa ndani ya tishari, wa gatini. Sisi tulikula, ila mwenye mzigo aliumia. Meli ikikaa nangani siku nyingi gharama ni zake, ndiyo maana wengi walikimbilia Dar na Mombasa.

Sasa kina kimechimbwa hadi mita 13, na gati jipya lina urefu wa mita 450. Mradi mzima umekula shilingi bilioni 429.1. Mzigo unanyanyuliwa mara moja unatua kwenye lori. Ile kazi ya tishari haitarudi, asiisubiri. Kama ana leseni ya gari, asomee kuendesha foklifti, kile kigari cha kunyanyulia mizigo. Chuo cha Bandari, Dar, wanafundisha. Kijana mwenye cheti hasimami getini kuomba.

Wakala wa Forodha
Mzee kasema kweli. Mimi naongeza kwamba idadi ya meli isiwadanganye. Lori likipakia gatini likaondoka moja kwa moja kwenda Kongo, Tanga inabakiwa na hela ya dizeli na sahani ya wali. Kontena la mitumba likifunguliwa hapa hapa, hesabu wanaokula: wakala, dereva, wabeba mabelo, mwenye ghala, mlinzi, wachambuaji, mpaka mama anayetandika nguo sokoni. Ndiyo maana nalilia maghala na viwanda kuliko magati mengine. Mkonge ulipokuwa juu miaka ya 1960 mji huu ulijaa ajira, kwa sababu mzigo ulitoka mashambani kwetu, Muheza na Korogwe, ukachakatwa na kufungwa marobota kabla ya kufika majini. Huyo kijana apite pia kwenye maghala, huko bado wanatafuta watu wa mikono.

Binti Ngamiani
Asanteni sana. Leseni anayo. Kesho ataanza na maghala ili apate nauli na ada. Mzee, hicho chuo wanapokea wa kidato cha nne asiye na ufaulu mzuri?

Serahangi Mstaafu
Kozi fupi aulize kwanza kwa simu, asifunge safari bure. Na aende na leseni yake halisi, siyo kopi.