Sauti ya mtoto ndani ya albamu ya Adele: alikuwa na haki ya kuiweka?

Msusi, Kisenyi, Kampala

Jumamosi iliyopita saluni yangu iligawanyika pande mbili, na tangu siku hiyo sijatulia. Nauleta ubishi huu kwenu.

Nilikuwa namsuka mteja, nimeweka albamu ya Adele, yule mwimbaji wa Uingereza, iitwayo *30*, ile iliyotoka Novemba 2021. Nyimbo 12, karibu saa nzima ya majonzi. "Easy on Me" ilipita vizuri, wateja wakaiimba. Ukaingia wimbo wa tatu, "My Little Love". Kwa asiyeujua: Adele na mumewe waliachana 2019 wakiwa na mtoto mdogo wa kiume, na talaka ikakamilika 2021. Ndani ya wimbo huo mna mazungumzo halisi aliyoyarekodi nyumbani. Mama anamwambia mwanawe kwamba siku hizi moyo wake umejaa mambo mengi, kwamba amechanganyikiwa na hajui vizuri anachokifanya. Mtoto anamuuliza, kwa ile sauti yao ya kutaka kujua tu: kwa nini? Mwishoni unamsikia Adele peke yake akilia.

Mama mmoja aliyekuwa chini ya draya akasema, "Zima hiyo. Mambo ya chumbani hayauzwi." Mwenzake akamjibu kwamba huo ndio wimbo pekee wa kweli katika albamu nzima. Mimi nikaacha kusuka.

Msimamo wangu ni huu: Adele alifanya sawa. Nyimbo nyingine ni nzuri, lakini za mapenzi yaliyovunjika tumezisikia nyingi, na yeye mwenyewe alikwisha kutuimbia tangu albamu yake ya *21*. Huu ni tofauti kwa sababu unamtazama yule ambaye hakuna anayemuuliza ndoa inapovunjika. Kwetu mtoto huambiwa, "Baba amesafiri." Miaka inapita, baba hajarudi safari, na mtoto anaupata ukweli kwa jirani au kwa watoto wenzake bombani.

Tena kumbukeni, shule zetu zilifungwa Machi 2020 zikaja kufunguliwa kikamilifu Januari 2022. Muda wote huo watoto walikuwa ndani na wazazi wao, wengi katika chumba kimoja chenye pazia katikati, na kafyu imepiga. Walisikia kila neno. Nani aliwaeleza walichokisikia?

Adele aliliambia jarida la Vogue kabla albamu haijatoka kwamba anataka mwanawe, akifika miaka ya ishirini au thelathini, aelewe mama yake ni nani na kwa nini aliyavunja maisha ambayo mtoto aliyazoea. Mimi naona hiyo ni heshima kwa mtoto. Semeni ninyi.

Mwalimu wa msingi, Jinja

Dada, kumweleza mtoto nakuunga mkono kwa mikono miwili. Lakini kumweleza ni jambo moja, kumrekodi ni la pili, na kuuza ulichorekodi ni la tatu. Wewe umeyafunga yote kwenye kanga moja.

Sheria yetu ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kabla ya mtu kukusanya taarifa za mtoto. Ni sawa, mzazi ndiye mlinzi. Lakini je, mlinzi mwenyewe akiwa ndiye mwenye kinasa sauti? Hapo mtoto hana wa kumkimbilia.

Siongei nadharia. Nina wanafunzi darasa la sita ambao mama zao waliwapiga video wakiwa wadogo, wakilia au wakioga, wakazirusha mitandaoni kwa mapenzi tu. Leo video hizo zinazunguka kwenye simu za wenzao. Mmoja alikaa wiki mbili bila kuja shule. Mama yake hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Yule mtoto wa Adele alikuwa na miaka tisa albamu ilipotoka, na alirekodiwa akiwa mdogo zaidi. Akifika hiyo miaka ishirini, dunia itakuwa imeshamsikia akimuuliza mama yake "kwa nini". Hatapata nafasi ya kukataa.

Dereva wa lori, Busia

Mimi wimbo huo sijawahi kuusikia mpaka leo niliposoma hapa, na nadhani tuko wengi. Adele aliiomba Spotify, programu ya kusikilizia muziki kwa intaneti, iache kuchanganya nyimbo za albamu, watu wasikilize kwa mpangilio alioupanga, na wakamkubalia. Lakini sisi tangu Julai 2021 tunalipa kodi ya asilimia 12 juu ya bando la intaneti, na albamu nzima hainunuliki hivyo. Nyimbo nazipakia kwenye flashi kibandani hapa mpakani, na kijana wa kibanda anaweka zinazopigwa redioni. "Easy on Me" ninayo. Ya mtoto hakuiweka. Kwa hiyo niliyoisikia mimi ni albamu ya mwanamke anayeomba asihukumiwe, basi. Labda ndiyo maana sikuwahi kukasirika.

Muuguzi, Arua

Mwalimu, nakuheshimu, lakini naomba tumkumbuke mwanamuziki wetu Philly Lutaaya. Mwaka 1989 alisimama mbele ya Uganda nzima akasema ana UKIMWI, wakati ugonjwa huo ulikuwa unanong'onwa tu. Wapo waliosema anadanganya, anatafuta pesa. Akaimba upweke wake na hofu yake, akazunguka kwenye mashule na makanisa, na Desemba mwaka huohuo akafariki. Na yeye angeweza kuambiwa mambo ya chumbani hayasemwi.

Nimefanya kazi wodini miaka mingi. Wazee walisema mficha maradhi kilio humfichua, na mimi kilio hicho nimekisikia kwa masikio yangu. Nyumba zilizoficha ndizo zilizozika wengi. Kwa hiyo mtu anapofungua jeraha lake kwa sauti, hata kama ni tajiri wa London, mimi huwa upande wake kwanza, maswali baadaye.

Mwalimu wa msingi, Jinja

Dada muuguzi, mfano wako ndio unaonipa nguvu. Lutaaya aliufungua mwili wake mwenyewe. Angemsimamisha mtoto mgonjwa jukwaani badala yake, tungemwita shujaa?

Mzee, Bombo

Wanangu, nimewasoma wote. Mjukuu wangu alinisikilizisha albamu hiyo kuanzia mwanzo, nikaomba anirudishie wimbo mmoja, "To Be Loved". Karibu dakika saba, sauti na kinanda tu. Mwanamke anaimba mpaka sauti inakwaruza, na hakuirekebisha, ameiacha hivyo. Nikasema, huyu angekaa vizuri kwenye kadongo kamu.

Vijana hudhani muziki wa huzuni umekuja na ndege. Kadongo kamu ni nini? Gitaa moja na mtu mwenye jambo moyoni. Marehemu Paul Kafeero alituimbia kifo chenyewe, wimbo mrefu, na watu wakanyamaza kwenye kafunda, ile baa ndogo ya mtaani, bia zikipata moto mezani. Ndoa, ulevi, mashamba yaliyouzwa kwa siri, yote yameimbwa. Lakini angalieni ilivyoimbwa: yule mke ni "mke wa fulani", yule mtoto ni "mtoto wa kijiji cha pale". Kila mtu anajijua na hakuna aliyetajwa. Na sisi wa Kiswahili tuna taarabu, ambamo mtu anatukanwa ubeti baada ya ubeti bila jina lake kutamkwa.

Kwangu tofauti iko hapo. Huzuni yake naikubali yote. Sauti ya mtoto angeigeuza ubeti, angeiimba yeye mwenyewe kwa maneno ya mtoto, na sisi tungelia vilevile. Anao uwezo huo. Huo wimbo wa dakika saba unaonesha anao.

Muuza vitenge, Owino

Nyabo wa Kisenyi, samahani nikuulize. Umesema "kwetu" mtoto huambiwa baba amesafiri. Hukusema "kwangu". Wewe wako ulimwambia nini?

Msusi, Kisenyi, Kampala

Nimechukua siku tatu kujibu.

Nilimwambia baba yake anafanya kazi Juba. Alikuwa na miaka sita. Sasa ana kumi na mmoja, na mimi hapa nimesimama namtetea Adele kwa kufanya jambo ambalo sikulifanya.

Juzi usiku nikafunga saluni mapema. Nikamwekea wimbo ule, nikawa namtafsiria kwa Kiswahili kipande kwa kipande, maana Kiingereza chao wanakiimba haraka. Ilipofika mtoto anauliza kwa nini, nikazima, nikamwambia baba yako hayuko Juba, tuliachana. Akasema, "Najua, mama. Nilisikia wakati wa korona. Mlidhani nimelala."

Mwalimu, bado nasema wimbo ule ni mzuri, na bila huo nisingefungua mdomo. Ila nimemsikiliza mzee wa Bombo pia. Kabla ya kuandika haya nilimuuliza mwanangu kama naweza. Alifikiri kidogo akasema niandike, jina lake nisiweke, na ile sehemu aliyolia niitoe. Nimeitoa.