Tupeane uzoefu: Tairi za nyuma za gari ya spoti, mlichaguaje na yaliwakuta yapi?

Altezza_wa_Tabata

Wakuu, habari za wikiendi.

Nina Toyota Altezza RS200, gia za mkono. Niliinunua kwa mtu ikiwa tayari imeshushwa springi. Juzi nimeipeleka kwa fundi nikilalamikia muungurumo nyuma, nikijua ni beringi. Fundi akaitia jeki, akapitisha vidole upande wa ndani wa tairi ya nyuma kushoto, mara akavuta mkono kama aliyegusa pasi. Kidole kinatoka damu. Akaniita nikashike mwenyewe. Ukiitazama kwa nje kashata (yale meno ya mpira) zipo, unaweza kusema ina mwaka mwingine. Kwa ndani mpira umekwisha na nyaya zimechomoza kama ndevu za kambale. Na Jumapili nilikuwa niende nayo Morogoro na mama watoto na mtoto mchanga.

Sasa nataka mbili za nyuma, saizi 215/45R17 (upana milimita 215, ukuta wa pembeni asilimia 45 ya upana huo, rimu inchi 17). Za mbele bado nzima. Nimezunguka Kariakoo mpaka miguu imevimba, kila duka linasema ya kwake ndiyo kiboko. Kuna mtumba wa Japani wa majina makubwa, kuna mpya za majina ambayo hata muuzaji anayasoma kwa kusitasita. Nataka kusikia kwa ambao yamewakuta: ulinunua nini, kwa nini, na ulijutia wapi.

Mzee wa Spana

Kijana, usinunue kitu kwanza. Tairi haijajila yenyewe. Ukinunua mpya leo ukafunga kwenye gari ileile, baada ya miezi michache utarudi hapa na kidole kingine kinatoka damu.

Gari ikishushwa, tairi za nyuma zinalala, juu zinaingia ndani. Watu wanadhani kule kulala ndiko kunakomaliza mpira. Kulala kunachangia, lakini mlaji mkubwa ni tairi kuangalia pembeni, kama miguu ya bata. Gari inakwenda mbele, tairi inataka kwenda kando, basi muda wote inasuguliwa kama kwato kwenye msasa. Tena hapo ndani ndipo uzito umelalia.

Mimi niliwahi kuletewa gari ya namna hiyo mara tatu na mtu mmoja. Mara zote ananunua tairi, anakataa alaimenti (kupima na kunyoosha uelekeo wa magurudumu) kwa sababu "usukani hauvuti". Usukani hauvuti kwa kuwa tatizo liko nyuma! Mara ya tatu nikachukua mtaimbo mbele yake, nikasukuma mkono wa chini unaoshika gurudumu, bushi (mpira wa kwenye maungio yake) ikacheza kama jino la mtoto wa miaka saba. Tulibadilisha bushi, tukapima magurudumu yote manne, na tairi zile zikadumu hadi akaiuza gari kwa mtu mwingine.

Bushi, halafu tairi, halafu alaimenti siku hiyohiyo. Usipindue mpangilio.

Subaru_Ngong

Mzee amesema kweli. Mimi niko Nairobi na Subaru WRX ya gia za mkono. Nawapa yangu ili mwenye gari ya kusukuma magurudumu yote manne asifuate ushauri wa "nunua mbili tu".

Shimo moja pale kuteremka Mai Mahiu lilinipasulia tairi mbili za upande mmoja kwa mpigo, ya mbele na ya nyuma. Nikanunua mbili mpya, nikazifunga nyuma, mbele nikaacha zile kuukuu zilizopona. Nilijiona mwerevu. Wiki ya pili, kila nikikata kona kali kwenye maegesho gari inarukaruka kama mtu amevuta hendibreki. Nikitoka safari ndefu nasikia harufu ya mafuta moto.

Fundi alinipigia hesabu kwenye kipande cha katoni. Tairi mpya ina kashata za milimita 8 hivi, zangu za mbele zilikuwa 3. Tofauti ya milimita 5 kutoka kati hadi nje, ukiizungusha duara zima, ni kama sentimita 3. Maana yake kila mzunguko mmoja nyuma inatembea sentimita 3 zaidi ya mbele. Difu ya kati, ile inayogawa nguvu mbele na nyuma, inalazimika kulipa hilo deni kila sekunde, hadi inachemka. Subaru wenyewe wanataka tofauti ya mzunguko isizidi robo inchi, ambayo ni milimita 6 tu. Mimi nilikuwa nimezidisha mara tano!

Nilinunua nyingine mbili. Ndugu yetu wa Altezza, wewe inasukuma nyuma peke yake, mbili zinakutosha. Shukuru.

Kipara_Kitukufu

Mnampotezea muda. Chukua mtumba wa Japani wa jina kubwa, mpira laini, unashika kama gundi. Mimi ndio maisha yangu tangu nianze kuendesha, na bei nusu.

Binti_Mtwapa

@Kipara_Kitukufu nisamehe kaka, lakini hao mtumba nimewaonja.

Nina Toyota Mark X, si gari ya spoti kwa cheti, ila inasukuma kwa nyuma na mwendo inao. Nilinunua pea ya mtumba, zimepakwa dawa zinang'aa kama viatu vya harusi. Kashata zimejaa. Sikujua kwamba tarehe kamili mara nyingi inaandikwa upande mmoja tu wa tairi, na muuzaji alikuwa ameziegemeza ukutani kwa upande huo. Nilizisoma nikiwa nimelala chali chini ya gari na tochi ya simu, nimesugua kwa mate na pindo la kanga. Mwisho wa maandishi ya pembeni yanayoanza na herufi DOT kuna umbo la kidonge lenye namba 4: mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Za kwangu zilisema 3909. Tairi ya 2009! Dawa ilipooshwa na mvua, pembeni ikatokea magaga kama kisigino cha mtu asiyejua mafuta.

Mpira ukizeeka unakuwa mgumu hata kama haujatembea. Huo ulaini unaousifu ulikuwepo siku ilipotoka kiwandani. Jaribu kubonyeza kwa ukucha.

Na haikuishia hapo. Nikanunua mpya, zenye mistari ya V. Kijana wa tairi akafunga moja kinyumenyume. Masika, natoka Mtwapa kwenda Nyali, kila nikikanyaga maji upande wa kulia nyuma unaelea, kushoto unashika. Nilifika nimebana meno. Tairi za V zina mshale wa uelekeo pembeni. Zisizo na mshale, nyingi zimeandikwa upande upi ukae nje. Simama hapo hadi zifungwe, hata kama wanakuona mjuaji.

Kipara_Kitukufu

Dada umenyamazisha. Mimi za kwangu sijawahi hata kuzisoma tarehe, ngoja nikirudi nyumbani.

Mtanga_Leicester

Salamu kutoka Uingereza, wana Tanga nawaona.

Huku nina Honda S2000 ya mwanzo, ambayo kiwandani ilivaa 205/55R16 mbele na 225/50R16 nyuma. Gari ile inajulikana kwa mkia mwepesi, hata Honda wenyewe baadaye waliipanulia tairi za nyuma hadi 245. Mimi nikaja na ubahili wangu. Mbele nikabakiza tairi nzuri laini, nyuma nikafunga mpya za bei rahisi, ngumu, kwa hoja kwamba za nyuma zinaisha upesi basi heri zigharimu kidogo.

Asubuhi ya Novemba, nyuzi 3, lami imelowa. Naingia mzunguko kwa mwendo wa mzee anayekwenda msikitini. Mbele ikauma, ikageuka vizuri kabisa. Nyuma haikuwa na habari. Nilijikuta nimetazamana na lori lililokuwa nyuma yangu, mimi na dereva tunaangaliana kama tunajuana. Injini imezima, redio bado inaimba.

Ndipo nilipoelewa. Kwenye gari ya kusukuma nyuma usiweke mbele mshiko mwingi kuliko nyuma. Mbele ikiteleza gari inakataa kugeuka, utakanyaga breki na kutukana. Nyuma ikiteleza kwanza inageuka zaidi ya ulivyoomba, na hapo wengi wetu hatuna ufundi wa kuirudisha. Na tairi za kiangazi chini ya nyuzi 7 zinakakamaa, lakini hilo ninyi wa Dar haliwahusu, mna joto la kugawa.

Huku tairi mpya zinauzwa na karatasi yenye herufi ya mshiko kwenye maji, A ndiyo bora. Mimi siku hizi naangalia hiyo kabla ya bei. Sheria nayo haina mzaha: kashata chini ya milimita 1.6 ni faini hadi pauni 2,500 na pointi 3 kwenye leseni, kwa kila tairi. Ile ya jamaa yenye ndevu ingemfikisha mahakamani hata kama nje imejaa.

Nene_Mbezi

Mimi kosa langu lilikuwa urembo. Altezza kama yako, rimu za upana wa inchi 7, nikataka nyuma ijae nikafunga 235/45. Ilijaa kweli. Tairi ilitoka mbavu nje ya rimu kama maandazi yaliyokosa nafasi, kwenye kona nasikia nyuma inayumba ndipo inakaa, na watu wawili wakikaa siti ya nyuma inasugua fenda. Upana ule unataka rimu ya kuanzia 7.5. Nikarudi 215 na gari ikarudi kuwa gari. Ukitaka kuongeza kidogo, 225/45 inakubali inchi 7, lakini pima nafasi ya fenda kwanza, hasa wewe uliyeshusha.

Dr_Pancha

Swali dogo: barabara ya kwenu Tabata ndani ikoje? 45 kwenye 17 ina ukuta wa milimita 97 tu. Mimi nilichoka na tairi kutoa nundu pembeni, nikahamia rimu za 16 na 205/55. Kimo cha gurudumu kinapishana kwa asilimia 1 hivi, spidomita haidanganyi, na ukuta unafika 113. Hakikisha tu rimu inapita kwenye kalipa ya breki. Mwonekano umepungua, wake za watu hawageuki tena, lakini sijanunua tairi kwa sababu ya shimo tangu hapo.

Altezza_wa_Tabata

Wakuu, nimerudi. Asanteni, na @Mzee wa Spana shikamoo.

Bushi mbili za mikono ya chini nyuma zilikuwa zimekwisha. Zimebadilishwa. Springi nimeacha, nipeni muda, mwili unakubali na roho inakataa.

Tairi nimechukua mpya, si za jina kubwa wala si zile za kusitasita, 215/45R17 87W (hiyo 87W ni alama ya uzito na mwendo inaohimili). Pale dukani nilivua saa, nikapiga magoti, nikasoma tarehe za zote nne walizoniletea nichague. Mbili zilikuwa za wiki moja mwaka jana, nyingine mbili zimepishana miaka mitatu, na walitaka kunipa moja huku moja kule. Namba ya kudumu kwake, ile inayoandikwa tredwea, ni 300. Ya 200 walikuwa nayo, laini zaidi, ila nimejijua: foleni ya Mandela ndiyo mbio zangu. Najua pia kila kiwanda kinajipimia chenyewe, kwa hiyo nimeichukulia kama kauli ya mchumba.

Alaimenti imefanyika nyuma na mbele. Kijana wa mashine akaniambia nyuma kushoto ilikuwa inaangalia nje "kama inamtafuta mtu". Muungurumo umekwisha kabisa, beringi haikuwa na kosa. Morogoro tunaenda wiki ijayo.

Mzee wa Spana

Marahaba. Kilomita 100 za kwanza nenda taratibu, mpya zina utelezi wa kiwandani juu ya mpira. Upepo fuata kibandiko kilichopo nguzoni mwa mlango wa dereva, na upime asubuhi zikiwa baridi. Usipimiwe na kijana wa sheli baada ya kutembea juani.

Kipara_Kitukufu

Nimesoma za kwangu. 2211. Msiniulize zaidi.

Altezza_wa_Tabata

@Kipara_Kitukufu usijali mkuu, tuko wote. Nilipokuwa nimeshapiga magoti dukani nikaona nimalizie kabisa, nikasoma na za mbele, zile nilizowaandikia kuwa bado nzima. 1113.

Nene_Mbezi

Hahaha! Pea imekutoka shilingi ngapi?

Altezza_wa_Tabata

Njoo inboksi, mke wangu naye ni mwanachama humu.