Naomba ushauri: kigugumizi na usaili wa mahojiano

Wakuu, heshima kwenu. Kuna mdogo wetu mwenye kigugumizi, kapita mchujo wa kuandika wa Sekretarieti ya Ajira, sasa anasubiri mahojiano ya ana kwa ana. Uwezo anao. Panapombana zaidi ni jina lake mwenyewe: maneno mengine hukwepwa kwa kisawe, jina halikwepeki, na ndilo linaloulizwa kwanza.

Mazoezi ya sasa ni haya. Anatoa pumzi kidogo, sauti inafuata juu ya pumzi hiyo, midomo ikigusana kwa wepesi kwenye "b" na "p". Akikwama hasukumi, maana kusukuma hubana koo zaidi. Ananyamaza kidogo, analegeza taya, anarudia silabi ileile polepole. Majibu hatukaririshi neno kwa neno, kwa sababu aliyekariri akikwama neno moja, jibu zima linapotea. Anashika hoja tatu kwa kila swali na kujibu mbele ya watu watatu walioketi kama jopo. Kioo peke yake hakitoshi.

Sasa, kwa waliowahi kukaa kwenye jopo: matangazo ya ajira huwataka wenye ulemavu wauainishe kwenye mfumo wa maombi. Kigugumizi kiingizwe hapo, au atamke mwenyewe akishaketi, "Nina kigugumizi, naomba mnivumilie nikikwama"? Naegemea aseme mapema, kwani kuficha kunakula umakini wa kujibu. Muda wa ziada unaombwaje? Na mjumbe akimmalizia neno, tena kimakosa, amsahihishe vipi bila kuonekana mkaidi?