Naomba ushauri: Lushoto au Tukuyu likizo ya mwezi wa saba?

Habari zenu wakuu. Naombeni mawazo yenu. Mwezi wa saba nataka kumpeleka mke wangu na watoto wetu wawili (miaka 9 na 12) milimani, tutembee kwa miguu siku nne hivi. Tunatoka Dar kwa basi.

Lushoto ni karibu: unashuka Mombo, unapanda zile kona, jioni umefika. Kuna msitu wa Magamba, na pale Irente unasimama ukingoni mwa jabali, tambarare yote ya Mombo iko chini yako. Ila roho yangu iko Tukuyu: Ziwa Ngosi ndani ya kreta, Daraja la Mungu (lile daraja la asili la mwamba) pale Kiwira, migomba na chai kila upande. Tatizo ni zaidi ya kilometa 800; siku mbili zinaishia barabarani, na watoto wanachoka.

Nimeuliza ndugu wa pande zote mbili, kila mmoja anavutia kamba kwake.

Kwa mliofika: mtoto wa miaka 9 anaweza kupanda hadi ukingo wa Ngosi? Na mwezi huo ukungu unaachia mtu alione ziwa?